Vipande Vinavyojirudia Kwenye Programu ya Kuweka Lebo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ulianza kama ujumbe mrefu wa WhatsApp. Nasimamia kikundi cha waweka lebo. Wengine tunakaa nao ofisini Kijitonyama, wengine wanafanyia kazi nyumbani Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto. Ndani ya wiki moja niliulizwa mara sita: "Dada, hii sentensi si niliifanya jana?" Swali lilikuwa linajirudia kuliko sentensi zenyewe, nikaona bora niandike mara moja kila mtu asome.

Maneno mawili kwanza. Kipande ni kitu kimoja kinachokuja kwenye skrini ukiwekee lebo: sentensi, picha au klipu ya sauti. Lebo ni jibu lako juu yake, kama MTU au MAHALI, ambalo kompyuta itajifunzia. Pacha ni kipande kilichotokea zaidi ya mara moja. Wale wanaokaribiana bila kufanana kabisa tunawaita ndugu, nao wana sehemu yao huko chini. Mifano mingi ni ya Prodigy, programu ya kampuni ya Explosion ya Berlin, kwa sababu ndiyo tunayoitumia kwa maandishi. Kwa picha tunatumia Label Studio. Kama unatumia nyingine, majina ya vitufe yatabadilika, lakini sababu ni hizi hizi.

Nimekutana na kipande ambacho nina hakika nilishakifanya. Nifanye nini?

Kijibu. Kijibu kama vile unakiona leo kwa mara ya kwanza. Usirudi nyuma kutazama jana ulijibu nini, na usimuulize uliyekaa naye. Andika pembeni namba yake (sisi tunaiweka kona ya chini ya kadi, upande wa kulia), andika na saa, endelea na kazi.

Jambo moja nawaomba sana: usibonyeze msalaba mwekundu kwa maana ya "hiki nimeshafanya". Tiki ya kijani ni kukubali, msalaba ni kukataa, na kuna kitufe cha tatu cha kuruka. Msalaba ukishaingia kwenye hifadhidata unasomeka kwamba lebo iliyopendekezwa si sahihi. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba ulikuwa umechoka kuiona ile sentensi. Tuliwahi kukuta sentensi yenye neno Dodoma, lebo ya MAHALI juu yake, tiki ya asubuhi na msalaba wa jioni, vyote vya mtu mmoja. Nilipomuuliza akasema, "Si niliona imerudi, nikaikataa." Kwa kompyuta, Dodoma ilikuwa mahali hadi mchana, jioni ikaacha kuwa mahali.

Ni kosa langu?

Mara nyingi si lako. Linaweza kuwa lako kama umefungua vichupo viwili (tabu mbili za kivinjari) au umeingia kwa majina mawili. Nimeeleza yote mawili hapo chini.

Kila umeme ukikatika nakuta vipande vya nyuma vimerudi. Kwa nini programu inasahau?

Haisahau, haikuwahi kuambiwa. Prodigy haipeleki jibu moja moja kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza majibu. Inaleta vipande kwa mafungu, kwa kawaida 10 kwa fungu. Unajibu, majibu yanakaa kwanza kwenye kivinjari ili uweze kurudi nyuma ukikosea, halafu yanaondoka kwa pamoja. Ile orodha ya pembeni ya majibu yako ya karibuni ndiyo hiyo: hayo bado yako mkononi mwako. Kompyuta ya mezani ikizimika wakati huo, luku imeisha au mtaa mzima umelala giza, majibu yanapotea. Seva haijapokea kitu, kwa hiyo inavitoa vipande vile vile tena.

Hao basi si pacha. Kwenye hifadhidata kuna jibu moja tu, lile la pili. Kinachouma ni kwamba umefanya kazi mara mbili, na nakuelewa, nimewahi kupoteza fungu zima la sentensi ndefu za Bunge kwa namna hiyo, zile ambazo mheshimiwa hafiki kwenye nukta.

Dawa yake ni Ctrl+S, au alama ya diski pale juu. Bonyeza kabla ya kuinuka kwenda kula, kabla ya kupokea simu, na mara tu uonapo taa zinapepesa. Wenye laptopu yenye betri nzima wana nafuu kidogo, ila ruta ikizimika majibu hayana pa kwenda. Hapo usifunge kivinjari, usirifreshi. Washa hotspoti ya simu au subiri, mtandao ukirudi bonyeza Ctrl+S. Maadamu ukurasa uko wazi, majibu bado yamo.

Bando lilikuwa linasuasua wakati nahifadhi. Jibu langu linaweza kuingia mara mbili?

Linaweza, hasa kwenye programu ambazo watu wamejitengenezea wenyewe. Ni kama kutuma pesa kwa simu. Umetuma, pesa imefika, ujumbe wa kuthibitisha umechelewa, wewe unadhani haikwenda, unatuma tena. Kivinjari nacho kinaweza kufanya hivyo hivyo: seva imepokea na kuandika, ila ile "nimepata" imepotea njiani, basi fungu linapelekwa mara ya pili.

Mweka lebo hana la kufanya hapa. Anayetengeneza programu ndiye anayetakiwa kuliwekea kila jibu namba ya kipekee pale pale kwenye kivinjari kabla halijaondoka, na seva ikiona namba iliyokwisha kuandikwa, ijibu "sawa" bila kuandika tena. Nimeona watu wanaacha namba itolewe na seva wakati wa kupokea. Haisaidii kitu, kila safari inapata namba mpya na pacha wanapita mlangoni wakiwa na vitambulisho halali.

Aina hii inajulikana kirahisi: jibu moja, jina moja, saa zinazoachana kwa sekunde chache. Hakuna mtu anayesoma na kujibu sentensi ile ile mara mbili ndani ya sekunde nne. Hawa futa mmoja, usiwaze sana.

Naruhusiwa kufungua vichupo viwili, au laptopu ofisini na simu nikiwa kwenye mwendokasi?

Usifanye. Kwa kutegemea toleo, vichupo vyote viwili vitapewa fungu lile lile na utajibu kila kitu mara mbili, au kila kimoja kitachukua fungu lake na moja libaki limening'inia bila kujibiwa. Kabla ya kutoka ofisini hifadhi, funga, ndipo ufungue kwenye simu.

Jina langu la kuingilia linahusikaje na vipande kujirudia?

Linahusika sana, na ni kosa ambalo mtu halioni kwa sababu kila kitu kinaonekana kufanya kazi. Kwenye Prodigy jina lako liko mwisho wa anwani, baada ya `?session=`. Leo umeandika sinza3. Kesho simu imekuwekea herufi kubwa yenyewe, imekuwa Sinza3. Kwako ni wewe yule yule, kwa programu ni watu wawili wasiojuana. Kama mradi umepangwa kila mtu afanye vipande vyote, Sinza3 ataanzishiwa kazi upya kutoka sentensi ya kwanza.

Ubaya wake mkubwa unaonekana baadaye. Tunapopima kama waweka lebo wanakubaliana, sinza3 na Sinza3 watahesabiwa watu wawili, na watakubaliana vizuri ajabu. Nami nitamwandikia mteja kwamba maelekezo yetu yameeleweka na wote. Siku hizi sitoi anwani kwa mdomo. Natuma linki, na kila mtu anaihifadhi kwenye alamisho za kivinjari chake. Asiandike kwa mkono hata herufi moja.

Mimi na mwenzangu tumepata sentensi ile ile. Je, hilo ni tatizo?

Inategemea tulivyopanga, na mara nyingi tumepanga hivyo. Kwenye Prodigy kuna mpangilio unaoitwa `feed_overlap`. Ukiwashwa, kila mtu anapewa kila kipande. Ukizimwa, kila kipande kinakwenda kwa mtu mmoja. Tangu toleo la 1.12 kuna na `annotations_per_task`, unaweka idadi ya watu unaotaka kwa kila kipande. Label Studio nayo ina namna yake ya kusema kipande kimoja kinahitaji majibu mangapi.

Tunafanya hivyo kwa sababu jibu la mtu mmoja halituambii kama swali lenyewe lilikuwa wazi. Tukiwa na majibu mawili tunaweza kuhesabu kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinachotazama watu wawili wamekubaliana kiasi gani baada ya kuondoa makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati tu. Wakati mwingine tunakurudishia kipande wewe mwenyewe baada ya wiki kadhaa, kuona kama unakubaliana na nafsi yako. Sitakuambia ni kipi. Ndiyo maana nimesema hapo juu kijibu kama ni kipya: ukikumbuka jibu la zamani na kulinakili, umepima kumbukumbu yako, na hiyo sikuihitaji.

Mradi umepangwa kila kipande kwa mtu mmoja, lakini mwishoni mwa kazi bado tunakuta pacha wachache. Wanatoka wapi?

Kwenye kuazimana kazi. Mtu amechukua fungu lake la vipande 10, akaenda kuswali, au simu imemwishia chaji huko Gongo la Mboto. Wenzake wamemaliza vyao vyote, foleni imebaki tupu. Tangu toleo la 1.12 Prodigy inaruhusu aliyemaliza achukue vipande vilivyokwama kwa mwingine, ili kazi isisimame. Yule wa kwanza akirudi na kuhifadhi, majibu ni mawili. Unaweza kuzima kwa `allow_work_stealing`, lakini mimi siizimi. Pacha saba mwisho wa mradi ni nafuu kuliko sentensi saba zisizo na jibu na simu kumi za "umemaliza?"

Sentensi mbili zinafanana herufi kwa herufi, lakini programu inasema ni tofauti. Inakuwaje?

Zinafanana machoni. Hapa nitakaa kidogo, maana hili linawapata watu wa Kiswahili kuliko wengi.

Prodigy, kama programu nyingi, haikumbuki sentensi yenyewe. Inaitengenezea hashi, yaani namba inayokuwa kama alama ya kidole ya maandishi. Herufi moja ikibadilika, alama nzima inabadilika. Sasa chukua jina la mtaa mmoja wa Temeke:

Chang'ombe
Chang’ombe

La kwanza lina ritifaa iliyonyooka, ile ya kibodi ya kompyuta, U+0027 (hiyo ni namba yake katika Unicode, orodha ya herufi zote za kompyuta). La pili lina ritifaa iliyopinda, U+2019, ambayo Word huiweka yenyewe na simu nyingi pia. Yahesabu kwa baiti katika UTF-8, namna ya kawaida ya kuhifadhi herufi kwenye kompyuta: jina la kwanza ni baiti 10, la pili ni 12, kwa sababu ritifaa iliyopinda peke yake inakula baiti tatu. Kwa hashi hayo ni majina mawili yasiyo na udugu. Na Kiswahili kina ng'ombe, ng'ambo, king'ora, kung'oa, pamoja na majina ya watu na ya vijiji visivyohesabika. Habari moja ya ajali Chang'ombe, ikinakiliwa na blogu mbili, moja iliyoandikwa kwenye simu na nyingine kwenye Word, inaingia kwetu kama habari mbili.

Niliwahi kukaa jioni nzima nikitazama mistari miwili ya aina hiyo, nikaikuza herufi hadi zikajaa skrini, sikuona kitu. Nilikuja kuona nilipofungua faili lililotolewa kwa `db-out`, amri ya Prodigy ya kutoa majibu, na kuliandika upya kwa herufi za kawaida tu: mstari mmoja ulikuwa na ' na wa pili ulikuwa na \u2019.

Wengine wanaojificha ni nafasi isiyokatika, U+00A0, ambayo huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za wavuti. Nafasi iliyoachwa baada ya nukta ya mwisho. Na mwisho wa mstari wa Windows, ambao una herufi mbili pale ambapo Linux ina moja. Kuna usanifishaji wa Unicode unaoitwa NFKC, nao unageuza nafasi isiyokatika kuwa nafasi ya kawaida. Ritifaa hauigusi. Hiyo lazima uibadilishe mwenyewe.

Fanya hivi: tengeneza safu ya pili ya kulinganishia tu. Humo nyoosha ritifaa, punguza nafasi, tafuta pacha. Maandishi ya asili yaache yalivyo, hayo ndiyo mweka lebo atakayoyaona na ndiyo mteja atakayopewa. Nasisitiza kwa sababu lebo huhesabiwa kwa nafasi za herufi. Ukiondoa nafasi moja mwanzoni mwa sentensi, kila lebo baada yake inasogea, na MAHALI inaangukia "hang'ombe".

Sentensi ni ile ile, lakini mara ya pili nimeulizwa lebo nyingine. Huyo ni pacha?

Siyo. Prodigy ina alama mbili: `_input_hash` inayotokana na maandishi, na `_task_hash` inayotokana na maandishi pamoja na swali lenyewe. Sentensi moja ukiulizwa kuhusu MTU, kisha ukaulizwa kuhusu MAHALI, alama ya kwanza ni moja, ya pili ni tofauti. Kwa kawaida programu huzuia kwa alama ya swali. Kama wewe msimamizi hutaki sentensi irudi kwa namna yoyote, badilisha `exclude_by` iwe `input`.

Naweza kuwaondoa pacha kwa Excel?

Unaweza, na utajuta. Kwanza, kitufe chake cha kuondoa vinavyojirudia hakitofautishi herufi kubwa na ndogo. Simba ya Msimbazi na simba wa Mikumi kwake ni mmoja, na sisi tunalipwa kuwatofautisha.

Pili, na hili limewaponza wengi, Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Namba za utambulisho za machapisho ya X, iliyokuwa Twitter, siku hizi zina tarakimu 19. Ukifungua faili la CSV kwa kubofya mara mbili, tarakimu nne za mwisho zinageuka sifuri, na machapisho mawili ya watu wawili tofauti yanaweza kupata namba moja. Ukiyaondoa hapo umefuta data nzima nzima, na ukihifadhi faili, namba za kweli hazirudi. Lazima uitumie? Ingiza safu ya namba kama maandishi.

Kwa faili lenye kipande kimoja kwa kila mstari, mimi hutumia amri ya Linux, `sort faili.jsonl | uniq -d`. Inaonyesha mistari inayojirudia na haigusi chochote. Haitawaona pacha wenye namba tofauti za utambulisho, kwa hao linganisha safu ya maandishi peke yake.

Nimepakia faili moja mara mbili kwenye Label Studio. Je, itagundua?

Usiitegemee. Kila mzigo unaopakia hupewa namba mpya. Vichague vile vya mzigo wa pili kwenye orodha ya kazi na uvifute, lakini tazama kwanza kama kuna aliyeanza kuvijibu: ukifuta kipande, majibu yake yanakwenda nacho.

Na wale "ndugu", wanaokaribiana tu?

Hao ndio wengi, na hakuna kitufe kinachowamaliza. Taarifa kwa umma moja inatoka asubuhi, hadi mchana iko kwenye blogu kumi, kila moja imebadilisha kichwa na kuongeza "endelea kufuatilia". Utabiri wa hali ya hewa una sentensi zile zile kila siku, mikoa na nyuzi joto ndivyo vinavyobadilika. Ujumbe wa pesa za simu ni fomu moja yenye majina na kiasi tofauti.

Njia ya kawaida ni kukata maandishi katika maneno matatu matatu yanayopandana, kisha kuhesabu ni sehemu gani wanachangia. Mfano: "Mvua kubwa imenyesha Dar es Salaam leo" ina vikundi vitano vya maneno matatu. Badilisha "leo" kuwa "jana", vinne vinabaki vile vile, kimoja kinabadilika. Kwa jumla kuna vikundi sita tofauti, vinne ni vya wote: nne kwa sita, karibu 0.67. Kwa mamilioni ya maandishi kuna njia ya mkato iitwayo MinHash, ambayo msingi wake ulielezwa na Andrei Broder mwaka 1997, enzi za AltaVista, mtambo wa kutafuta kwenye wavuti.

Hesabu haitakuambia ukate wapi. Kama mradi ni kuweka lebo za MAHALI, mvua ya leo na ya jana ni kipande kimoja, sina haja ya kumlipa mtu aioneshe Dar es Salaam mara mbili. Kama mradi ni wa maneno ya wakati, hizo ni sentensi mbili na ninazihitaji zote. Mimi huwa natoa jozi 50 zilizo karibu na mpaka, nazisoma kwa macho na chai pembeni, ndipo naweka namba.

Angalieni sana mazungumzo. Mtu aliwahi kunisafishia faili la mazungumzo akaondoa "Sawa", "Poa", "Ndiyo" na "Marahaba" zote akabakisha moja moja. Matokeo yake shikamoo zikabaki zinaning'inia, vijana wanasalimia na hakuna mzee anayeitikia. Jibu fupi ni tukio lake lenyewe kila linapotokea. Hapo linganisha namba ya mazungumzo na zamu, acha maneno.

Picha na sauti je?

Picha iliyopitia WhatsApp hubanwa upya, kwa hiyo alama yake ya faili hailingani na ya asili ingawa ni picha moja. Tumia alama ya mwonekano. Moja iitwayo dHash hupunguza picha hadi safu 9 kwa mistari 8 ya rangi ya kijivu, inalinganisha kila nukta na jirani yake, inapata biti 64. Picha mbili zikitofautiana biti chache tu, zitazame kwa macho.

Fremu za video ni balaa. Kwa fremu 25 kwa sekunde, dakika moja ni picha 1,500, na kama kamera ilikuwa Ubungo saa kumi na moja jioni, daladala ni ile ile na konda ni yule yule amening'inia mlangoni. Chukua fremu moja kila sekunde kadhaa kabla hujapakia.

Kwenye sauti, rekodi moja katika faili la WAV na katika faili la Opus ni pacha. Sentensi moja iliyosomwa na watu wanne si pacha hata kidogo, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Pacha wachache wakibaki kuna ubaya gani?

Ubaya mkubwa uko kwenye mtihani. Data hugawanywa: sehemu ya kufundishia na sehemu ya kupimia. Pacha mmoja akikaa huku na mwingine kule, modeli, yaani programu inayojifunza kwa lebo zetu, inapimwa kwa swali ililofundishwa na majibu yake. Björn Barz na Joachim Denzler walionyesha mwaka 2020 kwamba asilimia 3.3 ya picha za kupimia za mkusanyo wa picha uitwao CIFAR-10, na asilimia 10 za mwenzake CIFAR-100, zilikuwa na pacha kwenye sehemu ya kufundishia. Hizo ni data zilizokuwa zimetumika duniani kote kwa miaka. Kwenye maandishi, utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikuta ndani ya C4, mkusanyo wa maandishi ya wavuti, sentensi moja ya Kiingereza ya maneno 61 imejirudia zaidi ya mara 60,000.

Kwa hiyo tafuta pacha na ndugu kabla ya kugawanya. Ukigawanya kwanza, kisha ukasafisha kila upande peke yake, wale waliovuka hutawaona.

Nimekuta pacha wenye majibu yanayopingana. Nifute lipi?

Usifute hata moja. Kupingana huko ndiko kunakoniambia kwamba maelekezo yana shimo. "Serikali ya Tanzania": Tanzania ni MAHALI au ni sehemu ya TAASISI? Kikundi kizima kiligawanyika, na maelekezo yangu yalikuwa kimya. Peleka jozi kwa msimamizi, aamue, aandike sababu, na majibu yote mawili ya awali yabaki kwenye faili yakiwa na alama kwamba yameamuliwa. Mtindo wa kuchukua la mwisho kwa sababu ni la mwisho siupendi: la mwisho huwa limejibiwa saa moja usiku.

Kipande kilichojirudia kinalipwa?

Kwetu kinalipwa. Umesoma, umefikiri, umebonyeza. Nilipokuwa mweka lebo mwenyewe, mteja mmoja alitukata pesa ya vipande vyote vilivyojirudia ilhali faili alilileta yeye likiwa hivyo hivyo. Kusafisha faili kabla ya kazi ni jukumu la anayelileta. Isipokuwa vya majina mawili ya makusudi, hivyo tutazungumza ana kwa ana.

Nikiripoti niandike nini?

Namba ya kipande, jina lako la kuingilia lilivyo kwenye anwani, na saa. Kuhusu saa, tafadhali andika ya kwenye simu. Mwenzetu aliniandikia "imejirudia saa 2:12". Nikafungua kumbukumbu za seva kwenye 02:12, hapakuwa na mtu, na kwa haki, maana hiyo kwetu ilikuwa alfajiri saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Yeye alimaanisha saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Simu yake ilisema 08:12, seva, inayofuata UTC, iliandika 05:12. Tukio moja limeandikwa saa tatu tofauti, na zote ni sahihi.

Naweza kutuma skrinshoti kwenye kikundi?

Ya kadi nzima, hapana. Vipande vingi vina majina ya watu, namba za simu na ujumbe wa pesa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, kikundi cha WhatsApp hakina msamaha. Kata picha ibaki ile kona ya chini yenye namba, nitumie peke yangu, na ukishaona nimejibu uifute kwenye simu.